Kwa nini mkanda wa jeshi haukutani ncha: neva za uti wa mgongo na kanda zake katika ngozi

Na Afisa Habari, Tabora

Ugonjwa unaofahamika kwa jina la mkanda wa jeshi umebeba hofu moja ya siku nyingi, nayo husikika Tabora kama inavyosikika kwingineko nchini. Inasemwa kwamba vipele vinavyoanzia mgongoni na kutambaa kuelekea kifuani vikizunguka mwili mzima hadi ncha mbili zikutane, mgonjwa hana siku nyingi za kuishi. Kwa sababu ya hofu hiyo, wapo wagonjwa wanaozitumia siku tatu za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kubwa katika matibabu, wakitafuta mtu wa kuuzuia mkanda usifunge. Wapo wanaopakwa majivu au majani kwenye ncha ya vipele ili njia yake ikatwe. Baada ya siku chache mkanda husimama katikati ya kifua, na aliyepaka majivu hupewa shukrani.

Mkanda ungesimama hapo hata kama hakuna aliyepaka kitu. Sababu yake imo katika namna mwili wa binadamu ulivyogawa ngozi yake, na ni jambo ambalo kila mwananchi anaweza kulielewa bila kusoma udaktari. Anayelielewa ataelewa pia kwa nini daktari humchoma mgonjwa wa mgongo kwa kijiti kwenye kidole gumba cha mguu, kwa nini mama anayejifungua kwa upasuaji huulizwa kama anahisi baridi kifuani, na kwa nini maumivu ya bega yanaweza kuwa ni taarifa kutoka tumboni.

Ndani ya mfereji unaotengenezwa na pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, ambao ni kamba laini ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima urefu wake ni takriban sentimita 45. Kutoka kwenye ugwe huo huchomoza jozi 31 za neva: jozi 8 shingoni, 12 kifuani, 5 kiunoni, 5 kwenye mfupa wa nyonga ulioungana nyuma, na 1 kwenye kifandugu. Kila jozi ina neva moja ya kulia na moja ya kushoto. Kila neva ina mizizi miwili. Mzizi wa mbele hupeleka amri kwa misuli, na mzizi wa nyuma huleta habari za mguso, joto, baridi na maumivu. Kwenye mzizi wa nyuma kuna kifundo kidogo, ambamo hukaa chembe hai zinazohudumia hisia za eneo moja tu la ngozi. Wataalamu huliita eneo hilo dematomu. Katika makala haya tutaliita kanda.

Mkazi wa Tabora anao mfano mzuri wa jambo hili mlangoni kwake. Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya kale kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Chukulia kwamba reli hiyo ndiyo ugwe mgongo, na stesheni za Itigi, Igalula, Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza ndizo neva. Kila stesheni ina vijiji vyake. Stesheni ya Urambo ikifungwa, wanaotaabika ni watu wa Urambo na vijiji vyake, wakati treni ya Kigoma inaendelea kupita. Lakini reli ikikatika kati ya Igalula na Tabora, basi Urambo, Kaliua, Uvinza na Kigoma zote hukosa mawasiliano na Dar es Salaam hata kama stesheni zake ni nzima kabisa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuumia neva moja na kuumia ugwe mgongo wenyewe. Tena, mwanakijiji anayeishi katikati ya stesheni mbili huweza kwenda yoyote kati ya hizo. Kanda za ngozi nazo zimepandiana pembezoni namna hiyo, kiasi kwamba neva moja ikiharibika peke yake, mara nyingi ganzi inayopatikana ni ndogo kuliko ramani inavyoonyesha, na wakati mwingine mgonjwa hata haitambui.

Mfano wa reli una upungufu mmoja. Stesheni huhudumia pande zote za reli, ilhali neva ya kushoto huhudumia nusu ya kushoto ya mwili na neva ya kulia nusu ya kulia. Mpaka wao ni mstari wa katikati, unaopita kwenye uti wa mgongo kwa nyuma, na kwenye mfupa wa kidari na kitovu kwa mbele. Mpaka huo ndio unaousimamisha mkanda wa jeshi.

Kwenye kiwiliwili kanda hizo hupangana kama mistari ya shuka, moja chini ya nyingine. Kanda ya neva ya nne ya kifua hupita kwenye chuchu. Kanda ya neva ya kumi ya kifua hupita kwenye kitovu. Kwenye mikono na miguu mpangilio huonekana kuwa wa ajabu: kidole gumba cha mkono ni cha neva ya sita ya shingo, kidole cha kati ni cha saba, na kidole cha mwisho ni cha nane. Sehemu ya juu ya wayo, kuelekea kidole gumba cha mguu, ni ya neva ya tano ya kiuno. Ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, ni wa neva ya kwanza ya nyonga. Makalio na sehemu inayogusa tandiko la baiskeli, jambo ambalo msomaji asingelitarajia, ni za neva za mwisho kabisa, zilizo chini kuliko hata zile za unyayo. Ajabu hiyo hupungua mtu akijiinamisha na kusimama kwa miguu na mikono kama ng'ombe. Hapo ataona kwamba kanda zinateremka kwa mpangilio kutoka kichwani hadi mkiani, na kwamba makalio ndiyo mwisho wa safari. Mikono na miguu huchipua kutoka ubavuni mwa kijusi tumboni mwa mama, na kila inapochipua huvuta ngozi ya kanda zilizo jirani.

Uso hauhusiki na uti wa mgongo. Una neva yake inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na ndiyo maana jeraha la shingo linaweza kumnyima mtu hisia za mwili mzima na kumwachia uso wake.

Ramani hii iliandikwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1900 madaktari wawili wa Uingereza, Henry Head na Alfred Campbell, walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wengi wa mkanda wa jeshi. Walichora mahali vipele vya kila mgonjwa vilipotokea. Kwa baadhi ya waliofariki kwa sababu mbalimbali, walichunguza uti wa mgongo na kukuta uharibifu katika kifundo kimoja cha neva, upande uleule wa vipele. Kwa kuunganisha mambo hayo mawili walipata ramani ya ngozi. Baadaye Otfrid Foerster, daktari wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1933 ramani yake iliyotokana na wagonjwa waliokatwa mizizi ya neva ili kupunguziwa maumivu. Ramani hizo hazilingani kila mahali, na hadi leo vitabu vya tiba hutofautiana kidogo, hasa kwenye miguu. Sababu moja ni kwamba binadamu hawafanani.

Head alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1903 alikubali kukatwa neva ya mkono wake mwenyewe na kuunganishwa tena, ili aeleze kwa kinywa chake jinsi hisia zinavyorudi. Ni ujasiri ambao mwandishi wa makala haya anauheshimu akiwa mbali.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini. Hupanda kupitia neva na kujificha katika vile vifundo vya mizizi ya nyuma, na kinaweza kulala humo kwa miaka 20, 40 au zaidi. Kinga ya mwili inapopungua kwa sababu ya uzee, maradhi au dawa fulani, kirusi huamka katika kifundo kimoja na kushuka kupitia neva ileile hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo vipele hutokea ndani ya kanda ya neva hiyo, upande mmoja. Maumivu, muwasho au hali ya kuungua huweza kutangulia vipele kwa siku kadhaa, na katika siku hizo wagonjwa hudhani ni kichomi, figo au vidonda vya tumbo.

Kwa kuwa kirusi kimefungwa katika njia ya neva moja, hakina namna ya kuvuka mstari wa katikati na kwenda kukutana na ncha nyingine. Ni mara chache, hasa kinga ya mwili inapokuwa imedhoofika sana, vipele huonekana pande mbili au kusambaa mwilini. Hali hiyo inahitaji hospitali haraka, lakini hatari yake hutokana na udhaifu wa kinga. Kukutana kwa ncha hakuna uhusiano nayo.

Dawa ya asikloviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutumika ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea. Hupunguza muda na ukali wa ugonjwa, na hutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya. Mgonjwa aliyechelewa anaweza kupona vipele akabaki na maumivu ya kanda ileile kwa miezi au miaka, na wazee ndio hupatwa zaidi. Wapo wanaoshindwa kuvaa shati kwa sababu mguso wa kitambaa tu huwatoa machozi. Hao nao wana dawa za kuwapunguzia maumivu, tofauti na zile za kawaida za dukani, hivyo wasikate tamaa kurudi kituoni.

Mambo mengine matatu yanahitaji kusemwa wazi. Kwanza, vipele vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, kwani uoni upo hatarini. Pili, mtu asiye mzee anapopata mkanda wa jeshi hushauriwa kupima VVU. Si kila mwenye mkanda ana VVU, lakini ugonjwa huu umewafikisha watu wengi kwenye vipimo mapema, wakaanza dawa na wakaendelea na shughuli zao. Tatu, maji ya vipele yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Mgonjwa afunike vipele na akae mbali na watoto wachanga na wajawazito ambao hawajawahi kupata tetekuwanga.

Ramani hiyohiyo hueleza kwa nini maumivu hujitokeza mahali pasipo na kosa. Neva za moyo, ini na utumbo huingia katika ugwe mgongo kwenye ngazi zilezile zinazopokea habari za ngozi, na ubongo, uliozoea kupata habari za ngozi kila siku, huchanganya anwani. Maumivu ya moyo husikika kifuani na upande wa ndani wa mkono wa kushoto. Kidole tumbo kinapoanza kuvimba, maumivu huanzia karibu na kitovu kabla ya kuhamia chini kulia. Lililo zito kuliko hayo ni hili: mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, aliyekosa siku zake, akipata maumivu ya tumbo pamoja na maumivu ya ncha ya bega bila kuumia bega, asingoje kesho. Inawezekana mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na damu inavuja tumboni, inagusa kiwambo cha chini ya mapafu, ambacho neva yake inatoka shingoni, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega.

Eneo jingine ambalo hofu imetangulia maelezo ni sindano ya ganzi ya mgongo kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Wapo wanaoikataa kwa kuamini kwamba itawapoozesha maisha. Msomaji akumbuke urefu wa ugwe mgongo uliotajwa hapo juu. Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki neva zinazoning'inia ndani ya maji kama singa za mkia wa farasi. Sindano huchomwa chini ya mwisho huo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno au moja chini yake, mahali ambapo ugwe haupo tena. Dawa huloweka mizizi ya neva na kuipumzisha kwa saa chache. Kabla ya kukata, mtoa ganzi hugusa ngozi kwa pamba yenye spiriti au kitu cha baridi akipanda kutoka mapajani kuelekea kifuani, na kumuuliza mama anahisi baridi kuanzia wapi. Anatafuta kanda ya nne ya kifua, ile ya chuchu. Ganzi ikifika hapo, upasuaji unaweza kuanza. Mama anaweza kuhisi kuvutwavutwa bila maumivu makali, na hilo ni la kawaida. Akihisi maumivu ya kisu aseme mara moja. Sindano hii ina madhara yake, kama kushuka kwa shinikizo la damu na maumivu ya kichwa baadaye, na wahudumu hujiandaa kuyakabili. Kupooza kwa kudumu ni tukio la nadra sana.

Si kila ganzi hufuata kanda. Mfano mmoja wa kumbukumbu ulitokea katika njia ya misafara, magharibi ya hapa. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857 akiwa na John Speke. Januari 1858, baada ya kupita Msene wakielekea mto Malagarasi, alishikwa na ugonjwa uliomtia ganzi na hali ya kuungua mikononi na miguuni, na misuli ya miguu ikamlegea. Alibebwa kwa machela na wapagazi, watu ambao kwa kawaida mzigo wao ulikuwa vitambaa, shanga au pembe za ndovu, takriban kilo 30 kwa kila mmoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliandika kwamba hakuweza kutembea mbali kwa karibu mwaka mzima, na kwamba ganzi ya mikono na miguu ilichelewa hata zaidi kuondoka. Yeye aliilaumu malaria. Leo hakuna anayeweza kumpima, lakini mtawanyiko wa ganzi aliyoieleza una maana kwa daktari. Ganzi inayoshika vidole vyote vya miguu na mikono kwa usawa, kana kwamba mtu amevaa soksi na glavu, haiwezi kutokana na neva moja ya uti wa mgongo. Ni dalili kwamba neva ndefu zinaathirika kuanzia nchani. Sababu za kawaida siku hizi ni kisukari, unywaji wa pombe uliokithiri, upungufu wa vitamini za kundi B, VVU, na baadhi ya dawa, ikiwemo aisoniazidi ya kifua kikuu, ambayo ndiyo maana huambatana na vidonge vya vitamini B6.

Ukoma una mtawanyiko wake wa tatu. Bakteria wake hupenda sehemu zenye ubaridi, hivyo hushambulia ngozi na neva zilizo karibu na uso wa mwili, kama ile ya kiwiko na ile ya pembeni mwa goti. Dalili ya kuangaliwa ni baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi, au lenye wekundu, ambalo halihisi mguso wa pamba wala joto la kikombe cha chai. Tanzania ilifikia kiwango cha kitaifa cha kutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya wangali wanagunduliwa. Dawa zake ni bure. Ulemavu unaotokana nao hauzuiliki pale mgonjwa anapofika akiwa tayari amepoteza vidole kwa majeraha asiyoyahisi.

Mwisho ni ajali, hasa za bodaboda. Aliyeanguka na kulalamika kwamba hahisi miguu, au ana ganzi kuanzia kifuani au kitovuni kushuka chini, achukuliwe kuwa ameumia ugwe mgongo. Asikunjwe katikati ya abiria wawili kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na mwili vikisogezwa kwa pamoja, na watu wasiopungua wanne. Neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, ngazi ya tatu hadi ya tano, kwa hiyo shingo ikizungushwa ovyo, aliyekuwa anapumua anaweza kuacha.

Pia mtu mwenye maumivu ya kiuno, awe alibeba gunia la tumbaku au hakubeba kitu, akianza kupata ganzi ya makalio na sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa au kujizuia haja, asikae nyumbani kusuguliwa dawa ya maumivu. Neva zile za mwisho zimebanwa, na muda wa kuziokoa huhesabiwa kwa saa.

Mwananchi anayefika zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete, akiwa na ganzi au maumivu ya namna hii, atamsaidia mhudumu akionyesha kwa kidole mahali hasa inapoanzia na inapoishia, na kusema kama ni upande mmoja au pande zote mbili, ilianza siku gani, na kama haja ndogo inatoka kama kawaida. Ushauri wa afya unapatikana pia bila malipo kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya.